Tumbo la Pili

Apphia alipoiona boti ya wawindaji ikiingia ghubani, imezama karibu hadi ukingoni kwa uzito wa nyama, alifuta mikono kwenye aproni, akachomoa ulu yake kutoka kwenye droo ya jiko la shule, kile kisu cha wanawake chenye umbo la nusu mwezi, akashuka ufukweni. Wenzake walikwenda kushangilia. Yeye alikwenda kufungua matumbo.

Kila mtu kijijini aliijua tabia yake hiyo. Ukimletea ndege wa majabalini, kabla hajamnyonyoa alimpasua firigisi aone kama amekula visamaki au kamba. Ukimletea sili, ulu ilikwenda tumboni kwanza, na papo hapo alikwambia kama sili huyo alikuwa akiwinda samaki wanaojificha chini ya barafu, au alishindia kamba kwa sababu samaki wamehama. Hata samaki mwenyewe hakusalimika. Watu walimtania kwamba siku ya mazishi yake wamzike na kisu, asije akapata taabu huko aendako kujua malaika wanakula nini.

Alicheka nao, lakini hakuacha. Baba yake, marehemu mzee Uyarak, ndiye aliyemfundisha, na hakumfundisha kwa mchezo. Apphia alikuwa mtoto mdogo wakati familia ya ng'ambo ya ghuba ilipokula walarasi, yule mnyama mkubwa wa baharini mwenye pembe mbili, bila kumchunguza. Walarasi wa kawaida ni mla kome. Hupiga mbizi hadi chini, hupekua matope kwa ndevu zake, hunyonya nyama ya kome na kuyaacha maganda palepale. Nyama yake huliwa mbichi, na kome zilizomo tumboni huchotwa kwa mikono zikiwa bado na uvuguvugu, maana hakuna kachumbari duniani inayozishinda. Lakini wako wachache wanaojifunza kula sili. Hao hubeba minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayolala ndani ya misuli ikimsubiri mlaji. Waliokula walarasi yule walivimba nyuso wakawa hawatambulikani. Walipona wote isipokuwa mmoja, mdogo wake mzee Uyarak, aliyekuwa amekwenda huko kuwasalimu tu.

Tangu hapo ukawa utaratibu wa kijiji: walarasi hakatwi kipande hadi tumbo lake lifunguliwe mbele za watu na kilichomo kitajwe kwa sauti.

Sasa boti iligusa kokoto, na Apphia akaona kwamba nyama ilikuwa imeshakatwakatwa. Ilipangwa vizuri, imefunikwa kwa turubai, ya walarasi wawili. Pembe zao nne zilisimamishwa mbele ya boti kama milingoti. Na Uyarak kijana, mwenye jina la mzee na nahodha mpya, alisimama katikati akitabasamu hadi magego yakaonekana, ameshika ndoo.

Ndani ya ndoo mlikuwa na kome. Alimpelekea kwanza bibi Qaunaq, dada wa marehemu mzee, aliyekuwa amekaa juu ya kreti na fimbo yake, na bibi akatumbukiza vidole bila hata kusalimu. Meno hakuwa nayo, ila kwa kome hakuyahitaji. Alitafuna kwa fizi, akafumba macho, akasema kaka yake hajambo, amerudi na akili zake zote. Watu wakacheka, wakaanza kubeba nyama.

Apphia aliuliza kwa nini matumbo hayakuletwa yakiwa mazima. Uyarak akamjibu kwamba mawimbi yalikuwa makali, barafu waliyopandishia nyama ilikuwa inapasuka, ikabidi wakate upesi. Aliuliza tumbo la pili liko wapi. Akajibiwa kwamba lilikuwa tupu, halina kitu, wakaliacha.

Lilikuwa tupu. Apphia alimtazama yule walarasi wa pili, au vipande vyake. Ngozi ya kifuani ilikuwa ya njano, rangi ya mla sili, inang'aa kwa mafuta kama kola ya shati la mtu asiyeoga. Shahamu yake, nayo ya njano, ilikuwa nene kama godoro. Mnyama mwenye shahamu ile hakuwa amefunga mwaka mzima.

Tena mwaka wenyewe haukuwa wa kawaida. Barafu ilivunjika mapema, upepo ukaisukuma mbali hadi kwenye kina kirefu ambako walarasi hata akipiga mbizi hafiki chini, na walarasi hulala juu ya barafu. Ikienda, naye huenda. Tangu majira ya joto yaanze, kila tumbo alilolifungua lilikuwa na chakula kigeni. Ndege walijaa visamaki vyembamba vya mchangani ambavyo zamani havikuonekana huku. Sili walikuwa na kamba watupu. Kila mmoja alikuwa akila alichokipata badala ya alichokizoea. Kwa nini walarasi peke yake awe mtakatifu?

Angekuwa mtu mwingine yeyote, Apphia angemwambia waziwazi kwamba anadanganya. Hakuwa mtu wa kumumunya maneno. Mkuu wa shule mwenyewe alikuwa akizunguka nyuma ya jengo asikutane naye siku chakula cha watoto kilipochelewa kuagizwa. Lakini kwa Uyarak kijana ulimi ulikuwa umefungwa.

Mzee Uyarak alikufa majira ya baridi, miaka mingi iliyopita, na kabla barafu haijayeyuka, Simeonie, kaka yake Apphia, akapata mtoto wa kiume. Jina halikujadiliwa, lilikuwa la marehemu. Apphia ndiye aliyempokea mkononi, na kabla mtoto hajafutwa damu alimwita baba. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwita vinginevyo. Simeonie pia alimwita baba, mwanawe wa kumzaa. Bibi Qaunaq alimwita kaka. Na kijana, tangu alipojua kusema, alimwita Apphia binti yangu, na siku aliyojifunza kutembea alivuka chumba kizima akamwendea yeye. Halikuwa jambo la utani. Jina linapokuja, mtu naye huja nalo. Apphia alimfumia glavu nyingi kuliko alizomfumia mwanawe mwenyewe, na hajawahi kumkaripia hata siku alipovunja dirisha la kanisa. Nani anamkaripia baba yake?

Kwa hiyo alikaa kimya, akajiambia ulimi wa walarasi utasema. Maana mbali na tumbo kulikuwa na njia nyingine: ulimi wa kila walarasi hukatwa, hupelekwa kwa ndege mjini kwenye maabara, na nyama yote hukaa kwenye chumba cha barafu hadi jibu lirudi.

Ulimi uliopelekwa ulikuwa mmoja. Wa pili, Uyarak alimwambia muuguzi, ulimteleza ukaanguka majini. Jibu la maabara lilipokuja, muuguzi alisema kwa uangalifu kwamba ulimi waliopelekewa hauna minyoo. Redio ya kijiji ikatangaza kwamba nyama ni safi. Watu wakasikia neno moja tu, safi, wala hakuna aliyeuliza nyama ipi. Siku hiyohiyo mafungu yakagawiwa majumbani, na karamu ya nahodha mpya ikapangwa kesho yake ukumbini. Mafungu mengine yakatengwa ili yashonwe ndani ya ngozi na kufukiwa chini ya kokoto, yachachuke hadi Krismasi.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Leetia, binti wa Apphia. Alikuwa na mimba kubwa, tumbo limeshuka, miguu imevimba, na tangu aanze kutapika mwanzoni mwa mwaka alikuwa na hamu moja tu: walarasi mbichi. Kila kingine, alisema, kina ladha ya sabuni.

Asubuhi ya karamu Apphia alipewa utumbo wa kuusafisha. Ilikuwa kazi yake ya kila mwaka. Wengine hawakuwa na subira nayo. Aliumimina kwenye sinki kubwa la shule, akafungua maji, akaanza kuukamua kwa vidole viwili, pima baada ya pima, kama mtu anayekamua tyubu ya dawa ya meno. Utumbo wa kwanza ulitoa kilichotarajiwa: uji wa kijivu na mchanga wa chini ya bahari. Wa pili ulitoa uji mweusi wenye mafuta, kisha donge. Apphia alilibonyeza, akalitoa, akaliosha chini ya bomba. Lilikuwa furushi la nywele fupi za kijivu zilizosokotana, na katikati yake kucha nyeusi iliyopinda.

Alisimama akiitazama ile kucha huku maji yakimwagika bure. Alikuwa amechuna sili tangu kabla hajavunja ungo. Kucha ya sili hakuhitaji kuambiwa.

Aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka mfukoni, akavua aproni, akaenda kumtafuta baba yake.

Alimkuta ufukweni akiosha boti. Boti ilikuwa ya kijiji, mpya, na baraza la wawindaji lilimkabidhi yeye badala ya wanaume watatu waliomzidi umri. Apphia hakupiga kelele. Alifungua kitambaa, akakiweka juu ya ukingo wa boti, akasubiri.

Uyarak aliangalia kucha, kisha bahari, kisha viatu vyake. Halafu maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Tumbo lilikuwa na sili, ndiyo. Walipolifungua harufu iliwafukuza. Nyama ya wote wawili ilikuwa imeshachanganyika kwenye turubai, hakuna aliyekumbuka kipi ni cha nani. Kutupa yote? Safari yake ya kwanza, na wale wazee watatu wanamsubiri ateleze waseme, si tuliwaambia. Na maabara imesema safi.

Apphia alimwambia maabara imesema safi kwa ulimi mmoja. Ulimi wa pili uko wapi?

Uyarak alimwekea mkono begani, kwa upole kabisa, mkono wa kijana ambaye Apphia alimfumia glavu tangu akiwa na vidole kama vijiti.

"Binti yangu," alisema, "nyamaza. Niachie mimi."

Mtoto wa juzi alikuwa amemnyamazisha kwa sauti ya marehemu, na mbaya zaidi ni kwamba ilifanya kazi: magoti yake yalitaka kutii. Akamuuliza, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, atamwachia afanye nini. Kijana akasema atawaambia watu mwenyewe, kabla hawajaanza kula, kwa heshima, kwa mdomo wake. Hakutaka watu waisikie habari kwa mwingine. Je, hata hilo atamnyima?

Hakumnyima. Aliona ni haki. Mtu akikosea apewe nafasi ya kusema mwenyewe; hata watoto wa shule aliwafanyia hivyo. Akarudi jikoni kukaanga mikate, akijiambia amefanya jambo la maana.

Alipoingia ukumbini na beseni la mikate, karamu ilikuwa imeshaanza. Maboksi yalikuwa yamekunjuliwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake nyama nyekundu imemwagwa kama kuni. Watu walikaa chini kuizunguka, visu mikononi, kila mmoja ameshika kipande kwa meno na kukikata karibu na midomo. Simeonie alikuwa anamaliza hotuba ya kumsifu mwanawe. Uyarak alisimama kando yake ameinamisha kichwa kama bwana harusi. Watu wakapiga makofi.

Apphia alimuuliza mwanamke aliyekuwa mlangoni, nahodha ameshasema neno? Ameshasema, akajibiwa, amesema asante na karibuni.

Kisha akamwona Leetia. Alikuwa ameketi karibu na jukwaa, ameegemea ukuta, tumbo limemtangulia, kisu mkononi na kipande cha nyama kimening'inia mdomoni. Shahamu ya kile kipande ilikuwa ya njano.

Apphia hakumbuki alivyolitua beseni. Alikanyaga maboksi, alikanyaga mguu wa mtu, alipita katikati ya nyama na viatu vyake, jambo ambalo hata walevi hawalifanyi, akapiga magoti mbele ya binti yake na kumkingia kiganja chini ya kidevu.

"Tema."

"Mama, nini?"

"Tema hapa. Umemeza?"

Leetia alitema. Akasema hajameza, ndiyo kwanza ameanza, na kwa nini anamtia aibu mbele za watu. Apphia alikishika kile kipande chenye mate, akasimama. Watu wote waligeuka kumtazama, isipokuwa bibi Qaunaq aliyekuwa bado anatafuna kitu kwenye kona.

Simeonie alikuwa wa kwanza kusema. Alisema dada yake amechoka, amekuwa jikoni tangu asubuhi, wampe chai. Apphia akasema hataki chai, akaitoa kucha na kuiweka juu ya boksi, mahali watu wote waliweza kuiona.

"Hii imetoka kwenye utumbo wa walarasi wa pili," alisema. "Nimeikamua mwenyewe leo asubuhi. Acheni kula."

Visu vilisimama, lakini havikuwekwa chini. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kucha inaweza kutoka popote, sinki la shule linaosha sili kila siku. Mwingine akakumbusha kwamba maabara imesema safi. Mama mmoja akanong'ona, si kwa sauti ndogo sana, kwamba tangu Apphia apate cheti chake cha chuo cha usafi wa chakula, hata maji ya kunywa anataka kuyafungua tumbo. Watu kadhaa wakacheka, na kicheko hicho kikarudisha visu midomoni.

Simeonie akamsogelea, uso umemwiva.

"Dada, unajua unamwita nani mwongo? Huyu ni baba yetu. Unamwita baba yetu mwongo mbele ya kijiji."

Hilo ndilo lililokuwa likimkaba tangu siku ya boti, na sasa limesemwa na mtu mwingine, limelala katikati ya ukumbi pamoja na nyama. Apphia alimtazama Uyarak. Kijana alikuwa amenyanyua macho, na ndani ya macho hayo hakukuwa na aibu hata kidogo. Mlikuwa na ombi. Alikuwa akimsihi amwokoe. Akafungua mdomo, na kwa upole uleule wa ufukweni akaanza, "Binti yangu, umechoka..."

Apphia akamsogelea.

"Mimi ni binti yako?" aliuliza.

Uyarak akasita. "Ndiyo."

"Vizuri. Basi ni wewe uliyenifundisha, baba. Ulimzika mdogo wako kule ng'ambo, chini ya mawe, ukarudi nyumbani na uso kama mtu aliyepigwa. Hukula. Ulinishika mkono ukanitia kisu kiganjani, nilikuwa sijajua hata kufunga kamba za viatu, ukanipeleka kwa sili aliyelala mlangoni ukaniambia nifungue tumbo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maisha yangu yote. Uliniapisha. Nimekutii, baba. Watu wananicheka mpaka leo, nimekutii. Sasa usinilee kwa neno moja ukanizika kwa jingine. Mwanangu ana mtoto tumboni. Sema mbele ya dada yako aliyekaa pale: tumbo la pili lilikuwa na nini?"

Jina lilikuwa limewekwa mezani, na mwenye jina hakuwa na pa kulikimbilia. Kama yeye ni mzee Uyarak wa kuheshimiwa, basi ndiye aliyemzika ndugu yake, na kama siye, basi hana haki ya kumnyamazisha mtu.

Kwenye kona, bibi Qaunaq aliacha kutafuna. Alikuwa dada wa marehemu wote wawili, aliyevimba na aliyemzika. Aliitoa nyama mdomoni kwa vidole, akaiweka juu ya boksi, akafuta vidole kwenye sketi.

"Kaka," alisema, "mjibu mwanao."

Midomo ya Uyarak ilitikisika kama ya mtoto, na Apphia, hata katika hasira yake, alitaka kwenda kumfunika.

"Sili," alisema. "Ngozi na mafuta ya sili. Nililitupa baharini, na ulimi wake nikautupa. Zile kome zote zilikuwa za yule mmoja."

Visu vikawekwa chini, kimoja kimoja. Wanaume waliokuwa naye botini waligeuza nyuso ukutani. Simeonie alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, katikati ya nyama, kama mtu aliyekatwa magoti.

Kuanzia hapo Apphia hakuwa na muda wa kukasirika, kwa sababu mtu alipaswa kufanya kazi na wote walikuwa wameduwaa. Alimtuma Leetia zahanati, na akamwambia muuguzi kwa simu awaandalie nafasi wote waliokwisha kumeza. Alikata kipande cha ile nyama ya njano, akakifunga kipelekwe mjini na ndege ya kesho. Maabara ilikuja kusema, baadaye, kwamba minyoo ilikuwamo tele. Siku ile hakuna aliyekuwa na uhakika bado, lakini hakuna pia aliyeuliza tena. Nyama yote ya ukumbini ikakusanywa kwenye mabeseni, ikapelekwa jiko la shule. Iliyochemshwa sawasawa haina madhara; mdudu gani anavumilia sufuria la Apphia? Ila ile iliyogawiwa majumbani ilibaki huko, kwenye friza za watu, na nyingine ilikuwa imeshaanza kushonwa kwa ajili ya Krismasi.

Aliwasha redio jikoni asikie kama tangazo limetolewa. Redio ya kijiji ni ya wote. Mwenye simu hupiga, husema lake, hukata. Tangazo lilikuwa limetolewa, kwa sentensi moja. Kisha simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mzee aliyesema kucha inaweza kutoka popote. Alisema ametokwa na machozi leo, kwa kuona kijana mwenye ujasiri wa kusema ukweli mbele ya watu wote. Wa pili alikuwa yule mama wa cheti cha chuo. Alimshukuru Uyarak kwa moyo wake wa unyofu, akasema kijiji kina bahati ya kuwa na nahodha kama huyo. Wa tatu akataka apigiwe wimbo wa kanisa.

Apphia alisikiliza mwiko ukiwa mkononi, mvuke ukimpiga usoni. Alisubiri asikie mtu akisema neno moja kuhusu Leetia. Alisubiri mtu aseme nyama irudishwe. Wimbo wa kanisa ukaisha, mtu wa nne akapongeza.

Akachukua simu.

Hakusalimu. Alisema yeye ni Apphia wa jiko la shule. Alisema kijana aliyesifiwa alificha jambo lile tangu siku ya boti, akapewa asubuhi nzima ya kulisema, akasema asante na karibuni. Mwishowe alilisema kwa kuwa alibanwa ukutani, na huo si ujasiri, ni kukosa mlango. Akasema wanaomsifu wamsifu baada ya kazi, kwa sasa wafungue friza zao.

"Kila aliyegawiwa nyama jana ailete shuleni leo," alisema. "Yote, na ile mliyoshona. Itachemshwa, mtakula, kila mtu aje na bakuli lake. Asiyetaka ya kuchemsha, akae nayo, lakini asimwite muuguzi, na asimpe mtoto wala mwenye mimba. Nikisikia mtu amempa, nitakuja mlangoni kwake mimi mwenyewe, na sitakuja na mikate."

Akakata. Redioni mtangazaji akakohoa, akapiga wimbo mwingine.

Watu walileta. Walikuja kwa miguu na kwa pikipiki za magurudumu manne, mifuko magotini, nyuso zimenuna, wakaiweka nyama mlangoni bila neno kana kwamba wanalipa faini. Mmoja alisema walarasi wa kuchemsha ni sawa na kutafuna tairi. Bibi Qaunaq, aliyesaidiwa kuingia ndani na kuwekwa kitini karibu na moto, alisema kwake yeye hakuna tofauti, hana meno ya kuonea huruma, ila angependa kujua kama kuna kome zimebaki. Simeonie alileta mifuko mikubwa kuliko wote. Aliitua, akasimama kidogo, akaanza kusema kitu kuhusu baba, akaacha, akaondoka. Leetia alirudi kutoka zahanati akilalamika kwamba wamemtoa damu na bado ana njaa. Mama yake akampa mkate na kumkalisha mbali na mabeseni, naye akaula mkate wote huku akisema una ladha ya sabuni.

Uyarak alikuja wa mwisho. Alikuwa amezunguka nyumba za wazee wasioweza kutembea akiwachukulia mafungu yao, na mabega ya koti lake yalikuwa yamelowa damu. Alipanga mifuko ukutani, akavua koti, akachukua mwiko wa pili na kusimama kwenye sufuria la pembeni bila kuombwa. Walikoroga bega kwa bega muda mrefu. Kisha akasema, polepole, kwamba watu wengi wamempigia simu. Wamesema hawana kinyongo naye. Wamemsamehe.

Apphia alichungulia ndani ya sufuria lake, akasukuma pande la nyama lililokuwa linaelea juu, akalizamisha.

"Mimi bado, baba," alisema. "Koroga mpaka chini."